Kasuku Anayejinyonyoa: Mazungumzo na Wafugaji wa Ndege, Mombasa

Assalaam aleikum, na kwa wote hamjambo. Waliponiita waliniomba nizungumze juu ya afya ya ndege wa nyumbani. Nikawajibu kwamba hiyo ni bahari, na mimi muda niliopewa ni wa kuvuka kivuko tu. Kwa hiyo leo nitasema jambo moja, lile linalobisha mlangoni kwangu kuliko yote: kasuku anayejinyonyoa manyoya.

Mimi kazi yangu ya asili ni mifugo. Nimezalisha ng'ombe, nimechanja kuku, nimeshona mbuzi waliorukia seng'enge. Kasuku walinijia ukubwani, na wa kwanza aliniaibisha. Bibi mmoja wa Mji wa Kale alikuja na tundu limefunikwa kanga. Alipoifunua nikaona kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu. Kifua chote kitupu, ngozi ya waridi imekunjamana, mapaja matupu, kama kuku aliyetoka kwenye maji ya moto. Lakini kichwa kilikuwa kimevaa vizuri, kila nyoya mahali pake. Bibi akaniuliza, "Daktari, ni nani aliyemroga ndege wangu?"

Nami, kwa mazoea ya kuku, nikasema ni utitiri. Nikampa poda ya kupaka. Baada ya wiki tatu akarudi, na ndege amemaliza hata chini ya mbawa.

Kosa langu lilikuwa wazi, na jibu lilikuwa kichwani kwa yule ndege. Mdomo wa kasuku unafika kifuani, mgongoni, mapajani, chini ya mbawa, mpaka mkiani. Haufiki kichwani kwake mwenyewe. Mwili ukiwa mtupu na kichwa kikiwa kizima, anayenyonyoa ni yeye. Kichwa nacho kikiwa na upara, ama ana mwenzake tundunimo anayemnyonyoa, ama kuna ugonjwa unaoua manyoya yenyewe. Mtu wa kwanza kuangalia hilo si daktari, ni wewe nyumbani. Na ukishaangalia kichwa, inama uangalie sakafu ya tundu. Manyoya yaliyodondoka mazima wakati wa kubadilika si neno, kila kasuku hubadilisha manyoya, na hayamwachi na upara. Ukiokota yaliyotafunwa nusu, yaliyokatwa ncha, au yenye damu kwenye shina, hapo ndipo pa kushtuka.

Sasa, kabla hatujasema ndege ana huzuni, lazima tumpime mwili. Nasema haya kwa sababu siku hizi kila mtu amesoma kwenye simu kwamba kasuku hujinyonyoa kwa upweke, basi anamnunulia kioo na kengele, kumbe ndege ana ini bovu. Ini, maambukizo ya ngozi, ukungu wa mapafu, vijidudu vya tumboni, vyote hivi vinaweza kumfanya ndege ajishambulie. Kuna pia kirusi cha manyoya na mdomo, ambacho hufanya manyoya mapya yatoke yamepinda au yamebanwa kwenye shina kama yamefungwa uzi. Hicho hakina tiba, kinaambukiza ndege wengine, na hupimwa kwa damu au nyoya. Ukiwa na kasuku wengine, usimchanganye mgonjwa nao mpaka majibu yatoke.

Utitiri? Kwa kasuku anayeishi ndani ya nyumba peke yake ni nadra sana. Najua nawakata maini wenye maduka ya poda.

Kuna jambo moja la kwetu hapa nataka nikae nalo kidogo, nalo ni waya. Fundi wa mtaani akikutengenezea tundu hutumia waya wa kuku, ule unaong'aa. Mng'ao ule ni zinki. Kuku hana habari nao, lakini kasuku hutembea kwa mdomo: hupanda kwa mdomo, hushuka kwa mdomo, na jioni akikosa la kufanya huutafuna waya. Zinki humwingia kidogo kidogo, naye huanza kunywa maji kupita kiasi, kutapika, kulegea, na wengine kujinyonyoa. Madini ya risasi yaliyo kwenye rangi za zamani nayo ni vivyo hivyo, na nyumba zetu za zamani zina milango iliyopakwa rangi juu ya rangi. Tafuta tundu la chuma cha pua, au lile lililopakwa rangi ya kuokwa kiwandani isiyobanduka.

Na moshi. Hapa nitagombana na kina mama. (Kicheko.) Mapafu ya ndege ni ya aina yake, hewa huyapitia yote, na sumu iliyomo hunyonywa upesi. Chetezo cha udi, dawa ya mbu ya kuchoma, sigara, vyote humsumbua. Mvutaji akimshika kasuku bila kunawa, nikotini ya vidoleni huwasha ngozi ya ndege. Na vile vikaango visivyogandisha chakula, vikiachwa motoni vikaungua, moshi wake huua kasuku kwa dakika chache. Huyo hatapata hata nafasi ya kujinyonyoa. Fukizeni nyumba zenu, sikatazi, lakini ndege atolewe kwanza barazani.

Chakula. Nikiuliza "anakula nini?" jibu ni lile lile: alizeti. Alizeti kwa kasuku ni kama chipsi kwa mtoto. Ataila, ataililia, na itamnyima. Ina mafuta mengi, haina vitamini A ya kutosha, na kalsiamu yake ni haba. Ngozi isiyopata vitamini A hukauka na kuwasha, na kasuku wa kijivu aliyepungukiwa na kalsiamu anaweza hata kuanguka kifafa. Kule kwao kwenye misitu ya Kongo, ndege huyu hupenda tunda la mchikichi, lile la mawese, jekundu kwa sababu ya kile kile kinachoifanya karoti iwe na rangi yake, na mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Wewe hapa Mombasa huna mchikichi, lakini unayo karoti, malenge, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, sukuma wiki, papai. Mpe na pilipili, msishangae: ndege hasikii ukali wake. Parachichi msimpe kabisa, hata kipande. Kwake ni sumu. Chokoleti na kahawa pia.

Damu ya ndege wa bibi wa Mji wa Kale niliituma ikapimwe Nairobi. Majibu yakaja safi. Waya haukuwa wa kuku. Hapo ndipo nilipoketi naye nikafanya jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza: nikamwuliza siku ya ndege huyu inapitaje.

Akanyamaza. Kisha akaniambia kasuku alikuwa wa marehemu mumewe. Kwa miaka mingi alikaa sebuleni karibu na kiti cha mzee, wakinywa chai pamoja, wakisikiliza redio pamoja. Mzee alipofariki, ndege akaendelea kukohoa kikohozi cha mzee. Kila alfajiri, kikohozi kile kile, na lile kohozi la mwisho. Bibi hakuweza kustahimili. Tundu likahamishiwa uani nyuma, kando ya tangi la maji. Maji na alizeti hakukosa. Watu ndio aliowakosa.

Nataka mfikirie kasuku ni ndege wa namna gani. Porini hulala kwa mamia katika miti mirefu, huruka masafa kila asubuhi kutafuta chakula, na kila tunda ni kazi: kulichuma, kulishika kwa mguu, kulimenya, kuivunja kokwa, kutupa maganda. Kasuku wa aina moja ya Puerto Rico walipochunguzwa porini, walionekana wanatumia saa 4 hadi 6 kwa siku kutafuta na kula chakula. Wa tundu aliyejaziwa bakuli humaliza kula kwa muda wa saa moja hivi. Saa zinazobaki mdomo ule unafanya nini? Mdomo wa kumenya unamenya kilicho karibu. Manyoya yako karibu.

Hili si la kubuni kwangu. Huko California, katika chuo kikuu cha Davis, watafiti walichukua kasuku wachanga wa Amazoni. Baadhi wakapewa tundu tupu na bakuli, wengine wakapewa chakula cha kutafutwa na vitu vya kupanda na kutafuna, wakafuatiliwa kwa wiki 48. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2003. Wa tundu tupu walizidi kujiharibu manyoya. Wenye kazi walibaki na manyoya mazuri. Kisha wale wa tundu tupu nao wakapewa kazi, na hali yao ikageuka kuwa nafuu. Mwaka 2021 kundi la watafiti lililoshirikisha chuo cha Guelph, Kanada, lililinganisha kasuku wa aina mbalimbali, likaona kwamba zile ambazo chakula chao cha asili ni kigumu kumenya ndizo zinazojiharibu manyoya zaidi zikifungwa. Nilipoisoma nikamkumbuka kasuku wa bibi na bakuli lake lililojaa.

Basi kazi utaipata wapi? Msinunue vitu vya plastiki vya bei mbaya. Chukua kumbi la nazi, lijaze vipande vya karoti na mbegu chache, lisokote. Chukua maganda ya mahindi mabichi, funga ndani yake chakula kama unavyofungasha kitu kwenye jani la mgomba. Mpe tawi la mpera lenye majani na magome. Atalichana siku nzima na tundu litajaa taka. Taka ile ndiyo afya yake, usimgombeze. Karatasi isiyo na gundi, sanduku la viatu, kifuu. Siku za kwanza fungasha mbele ya macho yake, kwa sababu ndege aliyezoea bakuli hajui kwamba chakula hufichwa; ukimfichia ghafla atashinda njaa. Angalieni nyuzi tu, kamba ya nailoni humnasa kidole mpaka kikauke.

Usingizi pia ni kazi. Ndege huyu ametoka ikweta, usiku wake una urefu wa saa 12. Sebuleni kwenu televisheni inazimwa saa sita usiku. Mtafutie pahali pa giza, au mfunike. Na mwogeshe. Kwao ni mvua na unyevunyevu. Mnyunyizie maji safi kwa chupa ya kupulizia, asubuhi, aonje jua kidogo. Maji humfanya apange manyoya badala ya kuyang'oa.

Nimalizie hili la mapenzi, maana hapa watu wema hukosea. Kasuku mkunie kichwani na shingoni tu. Ukimpapasa mgongo na chini ya mbawa, yeye hasikii kubembelezwa, anasikia posa. (Kicheko kirefu.) Ndiyo! Anakuhesabu mume au mke, kisha unakwenda kazini unamwacha, na kila jioni unarudi unampapasa tena. Hamu isiyo na mwisho inaishia kwenye manyoya. Na anapojinyonyoa usimpigie kelele "wacha!" Kwa ndege mpweke, kelele zako ni mazungumzo. Ameng'oa nyoya moja, amepata bwana mzima akimkimbilia. Geuka pembeni, rudi umwongeleshe akishika kumbi lake.

Msimpake mafuta ya nazi, huyafanya manyoya yagandamane akakosa joto. Msimpake pilipili; nimeshasema haisikii. Kola ya shingoni ni ya kufungia kidonda kisichimbuliwe, haiondoi sababu. Dawa za akili kama klomipramini zipo, ni za daktari, na huwa za mwisho.

Yule wa bibi tulimrudisha sebuleni. Kwanza karibu na mlango wa jikoni, bibi azoee. Alimenya maganda ya mahindi tangu siku ya pili. Nyoya za kwanza zilitoka mapajani baada ya miezi miwili, na mbawa zikafunika chini yake. Kifuani haikuota. Pale palipong'olewa mara nyingi mno kinyweleo hufa, na kipara kile atakufa nacho. Kasuku wa kijivu huweza kuishi miaka 40 hata 60. Kikohozi hakijaisha. Bibi siku hizi humjibu, "Pole, mzee."

Kuna swali pale. Ndiyo, dada, sema. Anauliza atapata wapi mwenzake wa kumwondolea upweke. Kwanza, wawili wasiopatana hunyonyoana, na huyo mpya huenda akaja na kirusi. Pili, sheria. Nchi zilikutana Johannesburg mwaka 2016 zikakubaliana kuzuia biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu aliyekamatwa porini, ikaanza kutumika Januari 2017. Na hapa Kenya, sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali kutoka Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Anayekuuzia barabarani kwenye kikapu usiku hana karatasi hiyo. Wewe mwenyewe ndiye mwenzake. Kaa naye.

Na wewe uliye nyuma na tundu lenye leso ya buluu, nimekiona kifua chake tangu mlipoingia. Usiondoke. Ile karatasi ya chini ya tundu usiitupe, niletee nione kinyesi chake kwanza.