Neno "baada": Hola katika maswali na majibu ya Bunge la Uingereza

Mwenyekiti, walimu, na ninyi wanafunzi wa uanahabari mliokubali kuchelewa chakula cha mchana kwa ajili yangu, asanteni. Nitajitahidi wali usipoe.

Kila mmoja ana karatasi mkononi. Upande wa mbele kuna sentensi moja tu, nimeitafsiri mwenyewe kutoka taarifa ya serikali ya koloni la Kenya ya Machi 1959. Inahusu watu kumi waliofariki katika kambi ya Hola, hapo Tana River, walikofungwa waliotuhumiwa kuwa Mau Mau, wapiganaji dhidi ya ukoloni. Inasema vifo hivyo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji ya gari la maji lililotumiwa na wote waliokuwa kazini, pamoja na walinzi wao.

Someni tena. Nani ameelewa kwamba maji yalikuwa na sumu, au machafu? Naona mikono mingi. Sasa nionyesheni neno linalosema hivyo. Halipo. Kuna "baada ya", hakuna "kwa sababu ya". Watu walikunywa maji, kisha wakafa. Yote mawili yalitokea, na kwa utaratibu huohuo. Kilichoachwa nje ni kwamba tarehe 3 Machi wafungwa 85 walitolewa kwenda kulima katika mradi wa umwagiliaji, wakakataa, wakapigwa virungu na walinzi mbele ya wakubwa wao. Wa kumi na moja alifariki baadaye. Maji walipewa wakiwa tayari wamepondwa.

Nimekuja na sentensi hii kwa sababu mada niliyopewa ni maswali ya wabunge na majibu ya mawaziri wa Uingereza, na wengi wakisikia hivyo hukumbuka ile hekaheka ya Jumatano adhuhuri, Waziri Mkuu akizomewa na kushangiliwa. Hiyo ni nusu saa tu. Tangu 1961 ilikuwa robo saa mara mbili kwa wiki, Tony Blair akaiunganisha mwaka 1997. Ina kichekesho chake: mbunge husimama kumuuliza Waziri Mkuu ratiba yake ya leo. Hana haja na ratiba. Swali likiwa la jambo mahsusi, lingeweza kupelekwa kwa waziri wa wizara husika; la ratiba halina pengine pa kwenda. Basi Waziri Mkuu anajibu kwamba ana mikutano na mawaziri wenzake, na hapo ndipo mbunge anapochomoa swali la nyongeza, ambalo ndilo alilokuja nalo. Ni tamthilia nzuri. Lakini kazi yenyewe hufanyika kwenye maswali ya maandishi, yale yasiyoonyeshwa na televisheni yoyote.

Swali la maandishi likifika wizarani haliandikiwi jibu na waziri. Linamwangukia ofisa fulani mwenye faili. Ofisa anaandika rasimu, bosi wake anaipunguza, mshauri anaipunguza tena, waziri anatia sahihi. Kama gharama ya kutafuta jibu itazidi kiasi fulani, na kwa miaka mingi kipimo kimekuwa pauni 850, waziri ana ruhusa ya kusema gharama haiendani na faida. Wenzetu wa Dodoma wana "pindi fedha zitakapopatikana". London wana hilo.

Sasa rudisheni mashine hiyo miaka ya hamsini. Mbunge anauliza katika Bunge la Makabwela, kama redio ilivyozoea kuliita, kuhusu kipigo katika kambi ya Kenya. Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, yuko London. Hajui lolote la Hola. Anafanyaje? Anapeleka simu ya maandishi Nairobi kwa gavana, Sir Evelyn Baring. Gavana anauliza wanaohusika na magereza. Wa magereza wanamuuliza mkuu wa kambi. Jibu linapanda ngazi zilezile kurudi juu, kila ngazi likipigwa pasi, mpaka linasomwa Westminster kwa sauti tulivu ya muungwana. Kwa maneno mengine, mtuhumiwa ndiye aliyeandika jibu. Waziri hakuhitaji kusema uongo. Alihitaji tu kuamini alicholetewa.

Ndiyo maana nawaheshimu watu kama Barbara Castle, mbunge wa Blackburn, na mbunge mwenzake Fenner Brockway. Waliuliza kuhusu Kenya mwaka baada ya mwaka na kwa miaka mingi hawakupata kitu cha kuandikia gazeti. Kila jibu lilikuwa ukuta. Lakini majibu yale yalipigwa chapa katika Hansard, kitabu cha taarifa rasmi za Bunge, yakakaa pale na tarehe zake. Mtu anayesema jambo moja Machi na jingine Juni, katika kitabu kilekile, amejifunga mwenyewe.

Kilichobomoa ukuta wa Hola hakikutoka bungeni, na hili msilisahau mnapowasifu wabunge. Kilitoka kwa hakimu. W. H. Goudie alifanya uchunguzi wa vifo, na Mei 1959 akaeleza kwamba watu wale walikufa kutokana na mshtuko na kuvuja damu kwa majeraha mengi ya kupigwa. Kuanzia hapo maswali bungeni yalibadilika sura. Hakuna aliyepoteza muda tena kuuliza "kwa nini". Kwa "kwa nini" waziri atakupa hotuba. Waliuliza: nani aliandika mpango wa kuwalazimisha wafungwa sugu kufanya kazi? Ulipofika Nairobi ulisomwa na nani? Aliyeusoma aliweka sahihi au hakuweka? Mpango ulikuwepo kweli, unajulikana kwa jina la Cowan, ofisa mwandamizi wa magereza, na ulikuwa umepita mezani kwa wakubwa. Maswali mafupi, ya karatasi na tarehe. Mkiwa na waziri mbele yenu, ulizeni hivyo.

Usiku wa tarehe 27 Julai, Bunge likiwa karibu kwenda likizo, mjadala wa Hola ulianza wakati wengi wameshalala. Mbunge mmoja wa chama tawala aliwaita marehemu watu wasiofikia ubinadamu. Saa saba usiku ikiwa imepita, akasimama mwingine wa chama hichohicho, Enoch Powell. Naam, huyohuyo ambaye mwaka 1968 alitoa ile hotuba ya Birmingham dhidi ya wahamiaji. Sina namna ya kuwasawazishia watu. Usiku ule alikataa hoja kwamba kufa kwa watu kumi na mmoja kunapungua uzito kwa sababu ya walivyokuwa. Akasema huwezi kuwa na vipimo vya Kiafrika Afrika, vya Kiasia Asia, na labda vya Kiingereza nyumbani. Akapanda na lawama ngazi moja moja, akikataa iishie kwa walinzi. Lennox-Boyd hakujiuzulu. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 1959 nafasi yake ilichukuliwa na Iain Macleod. Nimesema "baada ya", mmeona? Nachunga maneno yangu.

Leo kanuni za mawaziri wa Uingereza zinasema waziri anayelipotosha Bunge kwa kujua anatarajiwa kujiuzulu. Uzito wote uko kwenye "kwa kujua". Mwaka 2018 Amber Rudd, Waziri wa Mambo ya Ndani, aliondoka baada ya kuiambia kamati ya Bunge kwamba hakukuwa na malengo ya idadi ya watu wa kufukuzwa nchini, kumbe yalikuwepo. Akasema amepotosha bila kukusudia. Lennox-Boyd naye, kwa kipimo hicho, angepita salama. Aliyekuwa akijua alikuwa Hola.

Geuzeni karatasi. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba maelfu ya mafaili ya makoloni yalikuwa yamehifadhiwa Hanslope Park, kituo cha serikali hiyo chenye ulinzi mkali, mbali na macho ya watafiti, ya Kenya yakiwemo. Yalitoka kwa sababu wazee wa Kenya walioteswa kambini walikuwa wameishtaki serikali hiyo. Mmoja wao, Wambugu wa Nyingi, alikuwepo Hola siku ile; alipigwa mpaka akazimia. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, akasimama katika Bunge lilelile. Alikiri kwamba Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni, akasema serikali inasikitika kwa dhati, akatangaza pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Kisha akaongeza kwamba serikali inaendelea kukana kuwajibika kisheria kwa matendo ya utawala ule.

Nimewachapia aya tatu za kauli hiyo. Pigieni mstari kila kitenzi, na pembeni andikeni mtendaji wake: nani alitesa, nani anasikitika, nani anakana. Kuna sentensi mtazipata hazina mtendaji. Tuna dakika kumi za kazi hiyo, halafu maswali. Nitawajibu mwenyewe, sina gavana wa kumpelekea simu.