Tobler na swali la nesi wa Lushoto

Karibuni, kaeni. Mliosimama mlangoni, viti bado vipo huku mbele.

Nianze na aibu yangu. Zamani nilichora ramani ya zahanati za milima ya Usambara. Kila zahanati nikaizungushia duara la kilometa 5, na kila aliyekuwa ndani ya duara nikamhesabu kuwa huduma imemfikia. Nikamwonyesha nesi mmoja kule Lushoto. Akaweka kidole kwenye kijiji cha ng'ambo ya bonde, akacheka: "Mwalimu, hawa wanatembea au wanaruka?"

Swali hilo lilikuwa limeshamshughulisha mwanajiografia wa Marekani, Waldo Tobler. Alizaliwa Portland, Oregon, mwaka 1930, akapata shahada ya uzamivu (PhD) Chuo Kikuu cha Washington mwaka 1961, akafundisha Michigan, kisha Santa Barbara, California. Alifariki 2018. Wasifu utoshe hapo, tuziangalie kazi zenyewe.

Ile sheria yake ya kwanza ya jiografia mnaikariri kila mtihani: kila kitu kinahusiana na kila kitu kingine, lakini vilivyo karibu vinahusiana zaidi kuliko vilivyo mbali. Aliitoa 1970, kwenye makala kuhusu filamu ya kompyuta iliyoonyesha jiji la Detroit, Marekani, likikua. Aliitaja kwa kupita tu, maana alikuwa anatafuta namna ya kurahisisha hesabu. Leo tunaisoma kama msahafu!

Mimi napenda zaidi kazi ya 1971. Yeye na mwenzake Wineburg walichukua vibao vya udongo vyenye maandishi ya wafanyabiashara wa Ashuru, kaskazini mwa Iraki ya leo, waliouza bati na vitambaa Anatolia, yaani Uturuki ya leo, karibu miaka 4,000 iliyopita. Vibao vimejaa majina ya miji iliyopotea. Wakahesabu majina mawili yametajwa pamoja mara ngapi. Yanayoandamana mara nyingi, wakakisia, ni ya miji jirani. Hesabu wakaigeuza umbali, umbali ukawa ramani. Ya kubahatisha, ndiyo, lakini imetoka kwenye barua za biashara, bila kushika jembe kufukua magofu.

Sasa turudi mlimani. Mwaka 1993 Tobler alichukua takwimu za Eduard Imhof, mchora ramani wa Uswisi, akatunga fomula ya mwendo wa miguu. Kwenye tambarare mtu huenda kama kilometa 5 kwa saa. Mwendo wa kasi kuliko yote, kilometa 6, hupatikana kwenye mteremko mdogo, unaoshuka mita 5 kwa kila mita 100. Njia ikipanda mita 30 kwa kila mita 100, mwendo huanguka hadi kilometa 1.8 hivi. Na kuteremka mteremko huohuo? Kama 2.5 tu. Aliyewahi kushuka utelezi wa masika akiwa na ndoo kichwani haihitaji fomula.

Pigeni hesabu. Kilometa zangu 5 ni saa moja kwenye tambarare. Kwenye mpando ule ni karibu saa tatu. Duara langu likageuka umbo kama jani lililoliwa na viwavi.

Nilimrudishia nesi ramani mpya. Akaitazama kwa muda mrefu. "Hii afadhali," akasema. "Lakini huyu anayetembea humu ndani ya ramani, ana mimba ya miezi mingapi?"

Alhamisi tunapanda Lushoto. Njooni na viatu vya kutembelea, na kila kundi lije na saa.