Taka za Dawa na Sindano Kwenye Nyumba za Wazee: Mnaouliza, Jibu Hili Hapa

Habari zenu ndugu zangu. Swali limejaa kwenye komenti: huku nje, kwenye nyumba za kutunzia wazee ninakofanya kazi, taka za dawa na sindano tunazitupaje? Basi leo nalijibu. Najua kuna watakaosema naringia maisha ya nje, na wengine watasema naikashifu kazi inayonilisha. Wala.

Glovu mnazijua, naziruka. Sindano ya insulini ukishachoma, usiirudishie kifuniko, maana hapo ndipo wengi wanapojichoma. Boksi lile gumu la manjano liwe karibu na mgonjwa, utumbukize sindano na bomba lake bila kuvitenganisha. Likifika robo tatu, lifunge. Watu hulishindilia ili wasifungue jipya, ncha zinabaki kwenye mdomo wa boksi, na anayekuja nyuma yako ndiye anayechomwa. Hilo linaniudhi sana, kwa sababu mara nyingi ni mfanya usafi.

Plasta ya fentanili, ile dawa kali ya maumivu inayobandikwa kwenye ngozi, ukiibandua bado ina dawa inayoweza kuua mtoto. Ikunje, gundi igusane na gundi, kisha ifuate utaratibu wa dawa zinazodhibitiwa, si ndoo ya chumbani.

Sasa pesa. Taka hatarishi hulipiwa ghali kuliko za kawaida, na Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 85 ya taka za huduma za afya ni za kawaida tu. Ukitupa gazeti na vikombe kwenye mfuko wa manjano, ule wa taka hatarishi, nyumba inalipia kuchoma karatasi.

Stoo ya kuhifadhia taka hizo iwe na kufuli, sakafu ya kuoshwa, isiingie panya, iwe mbali na jiko. Mfuko ukifika robo tatu, funga shingo, andika tarehe na ulikotoka. Bila lebo mzigo unaweza kukataliwa, na fomu ya kuukabidhi ikikosewa, mzigo unalala hapohapo huku saa zinakwenda. Taka zikikaa bila ubaridi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni zisizidi saa 24 msimu wa joto kwenye nchi za joto, na saa 48 msimu wa baridi. Kwenye nchi za baridi ni 48 kiangazi, 72 wakati wa baridi. Fomu hujazwa ofisini, lakini harufu ikitoka anaulizwa mhudumu. Si haki.

Kila nyumba ina sera yake, kwa hiyo uliza ya kwako kwanza. Ila ukichomwa na sindano, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, usinyonye, toa taarifa saa hiyohiyo: dawa za kinga ya VVU zinatakiwa zianze mapema, kabla saa 72 hazijapita.