Moto wa ekzosi: mbona rubani hakuufungulia mtungi?

ZUHURA: Tupo tena, wasikilizaji wetu, mimi Zuhura na kaka yangu Baraka, ambaye kabla ya maikrofoni alikuwa anasimama mbele ya ndege, hedifoni masikioni, akizungumza na rubani injini zikiwashwa. Baraka, juzi nimeonyeshwa video. Ndege ya abiria imetulia, injini inawashwa, mara ulimi wa moto unachomoka nyuma, mrefu kuliko injini yenyewe! Mimi ningeshafika mlangoni.

BARAKA: Ndiyo maana nimetaka tulizungumze hili, dada. Kwa moto wa namna hiyo, kukimbilia mlangoni ndiko kunakovunja watu miguu.

ZUHURA: Hebu anza mwanzo.

BARAKA: Injini ya jeti ina moto tumboni muda wote inapofanya kazi. Wakati wa kuwasha, hewa iliyobanwa inasukuma stata, mara nyingi inatoka kwenye injini ndogo ya mkiani. Stata inazungusha kompresa, yale mapanga ya mbele yanayobana hewa. Kasi ikitosha, mafuta yanafunguliwa na plagi zinatema cheche. Sasa, mafuta yakizidi hewa, au jaribio la kwanza likigoma na mafuta yakabaki yametuama ndani, yale yasiyoungua yanasogea nyuma kwenye tabaini, yaani mapanga ya nyuma yanayozungushwa na gesi ya moto, na kwenye ekzosi. Yakishika huko, ndimi zinatoka nje. Na upepo ukivuma kutoka nyuma ya ndege, hewa inazidi kupita kwa shida.

ZUHURA: Kama jiko la mafuta ya taa lililofurika.

BARAKA: Na mafuta ya jeti ni jamii hiyohiyo ya mafuta ya taa. Moto upo mahali palipotengenezwa kwa chuma cha kuhimili joto kali. Umevuka mpaka wake kidogo, basi.

ZUHURA: Rubani anapigiwa kengele?

BARAKA: Hapana! Hapo ndipo watu wengi wanashangaa. Vihisi vya moto vimefungwa nje ya kiini cha injini, chini ya lile ganda la nje la injini. Moto wa ekzosi unapita katikati, havihisi kitu. Rubani anaweza kuona joto la ekzosi linapanda, na hata hilo si lazima. Anategemea macho ya mtu wa chini, mhudumu wa ndani, au mnara wa kuongozea ndege.

ZUHURA: Na akiambiwa, anafungulia mitungi ya kuzimia?

BARAKA: Mitungi ile inanyunyiza kati ya ganda na injini. Katikati haifiki. Kinachotakiwa ni kukata mafuta, halafu kuacha stata iendelee kuzungusha. Hewa inapita, inafukuza mafuta na moto wake. Hata watu wa zimamoto wanasita kupulizia dawa ndani ya ekzosi, kwa sababu inaweza kuila injini kwa kutu. Wanaiacha kama njia ya mwisho.

ZUHURA: Wewe umeuona kwa macho yako?

BARAKA: Mara moja, usiku. Jaribio la kwanza liligoma. La pili, nikaona mvuke mweupe nyuma, na harufu ya mafuta ikanijia kooni. Kisha rangi ya chungwa, ghafla, ikaangaza lami yote. Nikasema, "Moto wa ekzosi, injini namba mbili." Rubani akarudia maneno yangu, neno kwa neno, sauti tulivu kabisa. Akakata mafuta. Mapanga yakaendelea kuzunguka. Ulimi ukafupika, ukawa moshi mweupe, ukaisha. Hata dakika haikufika, ila mkono wangu ulikuwa umeng'ang'ania mtungi wa magurudumu mpaka vidole vikauma.

ZUHURA: Lakini kaka, kuna moto wa kweli pia.

BARAKA: Upo, na sitaki mtu auchukulie poa. Chicago, tarehe 28 Oktoba 2016, Boeing 767 ilikuwa bado inakimbia chini ili iruke, diski ya tabaini ikapasuka, mafuta ya bawani yakawaka. Watu 170 walikuwa ndani, wote wakatoka hai. Aliyeumia vibaya alirushwa na upepo wa injini ya upande wa pili, ambayo ilikuwa bado inanguruma. Umeona? Hata pale ambapo kutoka kulikuwa lazima, nje palikuwa na hatari yake.

ZUHURA: Basi abiria wa dirishani afanye nini?

BARAKA: Amwambie mhudumu mara moja, na ataje upande. Na aangalie moto unatoka wapi: kwenye tundu la nyuma, au kwenye ganda na bawa. Ukiwa kwenye ganda au bawa, hiyo ni habari nyingine kabisa. Mhudumu akiagiza mtoke, tokeni, mizigo iacheni.

ZUHURA: Ile ndege yako iliondoka?

BARAKA: Hapana, mafundi waliingiza kamera nyembamba kukagua ndani. Rubani alishuka ngazi, akanishika mkono, na kabla ya salamu akaniuliza: "Uliuona unatoka tunduni tu, una hakika?" Nikamwambia nina hakika.