Sarajevo na mlima wake: mazungumzo ya baada ya isha, Mkunguni, Lamu

Asalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioketi huko ukutani. Leo nawazungumzia Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia. Mji uko bondeni, milima imeuzunguka, mto Miljacka unapita katikati, na kule soko la kale la Baščaršija kuna vichochoro na msikiti wa Gazi Husrev-beg wa karne ya 16, yani mtu wa mtaa wa Langoni hapa Lamu hapotei pale.

Milima ile ndo ilikua fahari yao. 1984 walikua wenyeji wa Olimpiki ya majira ya baridi, na mlima Trebević, uliosimama juu ya mji kabisa, wakajenga njia ndefu ya zege ya mashindano ya vigari vya barafuni. Miaka 8 baadae mizinga ikapandishwa milimani kulekule, mji ukazingirwa kuanzia Aprili 1992 mpaka Februari 1996, siku 1,425, watu zaidi ya elfu 10 wakafa. Hebu fikirini, yule anaekupiga anaona mpaka kamba yako ya kuanikia nguo.

Maji yalikatika. Mama anatoka na madumu yake, kama haya yetu tunayopakia punda, anapanga foleni penye chemchemi, alafu kurudi nyumbani lazima avuke njia ambayo mdunguaji anaitazama, kwahivo anavuka mbio na lita 20 kila mkono. 1993 wakachimba handaki chini ya uwanja wa ndege, mita kama 800, mtu mrefu anainama mwanzo mpaka mwisho, na humo ndo kulipita chakula, dawa na majeruhi.

Kujenga upya kulichukua muda sana. Vijećnica, jumba la maktaba ya taifa, liliungua Agosti 1992 na vitabu kwa malaki, likafunguliwa tena Mei 2014. Mitaani, mashimo ya makombora yaliyoua watu wameyajaza utomvu mwekundu, unakanyaga njia unakuta doa kama ua, unajua hapa waliondoka watu.

Lakini kinachonigusa zaidi ni ule mlima. Vita viliisha, mabomu ya kutegwa ardhini yakabaki msituni, watu wakawa wanauona Trebević dirishani na hawendi. Hapa naomba wavuvi wanisaidie, maana nyinyi mlikatazwa kuvua usiku miaka na miaka, mnajua kukaa na bahari mlangoni na isiwe yako.

Basi mabomu yakateguliwa kidogo kidogo, na Aprili 2018 vile vigari vinavyopanda mlimani kwa waya, vilivyoharibiwa vitani, vikarudi. Ile njia ya zege vijana wameichora rangi kila mahali, watu wanaitembelea kwa miguu. Na siku za baridi moshi unapojaa bondeni mpaka watu wanakohoa, familia zinapanda vigari, zinaenda kuvuta hewa safi palepale mizinga ilipokua.