Uwanja Mmoja, Masoko Matatu: Chakula cha Usiku cha Manek Chowk

Mabibi na mabwana, assalamu alaykum na habari za jioni.

Nilipoombwa nizungumze juu ya vyakula vya mitaani vya India, nadhani mwenyekiti wetu alitarajia niwapeleke Delhi. Wageni wote hukimbilia Delhi. Leo nawapeleka Ahmedabad, Gujarat, kwa sababu huko ndiko walikotoka mababu wa Wahindi wengi wa pwani yetu, wao na jirani zao wa Kachi. Bajia mnayokula, chapati, ladu, chevda, hata zile punje za kukaanga za unga wa dengu zinazomwagwa juu ya bakuli la urojo, vyote vina ndugu zao huko.

Mji wenyewe ulianzishwa na Sultan Ahmed Shah mwaka 1411, ukingoni mwa mto Sabarmati. Katikati ya mji mkongwe, hatua chache kutoka Msikiti wa Ijumaa, pana uwanja uitwao Manek Chowk. Jina linatokana na walii wa Kihindu, Maneknath, na wenyeji wana kisa chake. Wanasema Sultani alipokuwa akijenga ukuta wa mji, Maneknath alisuka mkeka mchana kutwa. Usiku akaufumua, na ukuta nao ukaporomoka. Kukicha, mafundi wanaanza upya. Sultani alimwita, akamwomba aoneshe uwezo wake kwa kuingia ndani ya birika dogo. Mzee akaingia, Sultani akaziba mdomo wa birika na mambo yakaishia hapo. Mimi kisa hiki nakipenda kwa sababu mpaka leo uwanja ule unasukwa mchana na kufumuliwa usiku.

Asubuhi ni soko la mboga. Akina mama wamekaa chini na mafungu yao, na pembeni wapo wauza majani mabichi. Unanunua tita, unawalisha ng'ombe, unapata thawabu, unaondoka. Ikifika mchana, mboga zimeondoka na masonara wamefungua. Manek Chowk ni soko kubwa la dhahabu na fedha, na hata soko la hisa la Ahmedabad, lililoanzishwa mwaka 1894, lilikuwa hapo hapo. Jioni masonara wanateremsha milango ya chuma. Mikokoteni inaingia, meza zinapangwa, majiko ya gesi yanawashwa, na kufikia saa tatu usiku huwezi kupita bila kusukumana. Watu wanakula mpaka baada ya saa saba.

Wapishi wanaweka meza mbele ya milango ya watu wengine, tena watu wenye dhahabu ndani. Kwetu hapo ingekuwa kesi. Wenyeji watakueleza kwamba sonara analala vizuri zaidi kukiwa na watu mia kadhaa wanakula mbele ya duka lake kuliko uwanja ukiwa mtupu. Mpishi anapata pa kupikia, sonara anapata walinzi wasiolipwa mshahara.

Sasa tuje kwenye chakula. Kinachotawala ni pav bhaji, yaani rojo la mboga za kupondwa linaloliwa na mikate midogo. Nilisimama mbele ya mpishi mmoja nikatazama kazi yake mwanzo mpaka mwisho. Mbele yake alikuwa na chuma kipana, mfano wa kile cha chapati lakini sinia la harusi lingelala juu yake, kingo zimeinuka kidogo, katikati pamebonyea. Rojo lililokwisha iva limerundikwa pembezoni kama ukuta: viazi, njegere, koliflawa, nyanya, pilipili hoho. Oda ikija, anavuta fungu katikati, anatupia kipande cha siagi ambacho mama yangu angekitumia wiki nzima, kisha anaponda kwa kiponda cha chuma. Ule mlio ndio tangazo lake. Hana haja ya kupiga kelele za "karibu mteja". Anatia bizari na pilipili nyekundu, anapasua mikate midogo laini, anaipakaza siagi upande wa ndani na kuikandamiza kwenye chuma hicho hicho mpaka ishike rangi. Juu anamalizia na giligilani, kando anaweka kitunguu kibichi na kipande cha ndimu. Kutoka kuagiza mpaka kupokea, hujamaliza hata kutafuta pa kukaa.

Siagi ile ina historia yake. Mji wa Anand, makao ya ushirika wa maziwa wa Amul ulioanzishwa mwaka 1946, hauko mbali na Ahmedabad. Wafugaji wadogo wa Gujarat ndio waliojaza siagi na jibini kwenye meza zile. Ndiyo maana utakuta sandwichi imefunikwa kwa jibini la kukwaruzwa mpaka mkate hauonekani. Kuna moja ina nanasi, chokoleti na jibini kwa pamoja. Niliionja. Sitaitetea.

Mtu atauliza: je, hicho ni chakula cha asili? Viazi, nyanya na pilipili vyote asili yake ni bara la Amerika, vikafikishwa India na mabaharia wa Ulaya. Mkate ule wa kuumuka ulianzia kwa Wareno. Pav bhaji yenyewe inasimuliwa kuwa ilizaliwa Mumbai, kwa vibarua wa viwanda vya nguo waliotaka chakula cha moto na cha haraka. Dosa, zile chapati nyembamba za unga wa mchele na kunde uliochachushwa, zinazouzwa pale zimetoka kusini mwa India, na huko kusini hawangezitambua zikishajazwa mboga za kupondwa na jibini. Ukitafuta chakula ambacho hakijaguswa na mgeni, Manek Chowk utaondoka na njaa. Kilicho cha asili pale ni ule utaratibu: uwanja mmoja ambao watu wanakopeshana kwa saa, na wapishi wanaojua kumpikia kila mtu kwa mujibu wa dini yake.

Hapo wapo mabingwa. Gujarat ina Wajaini wengi, wafuasi wa dini ya kale ya India inayokataza kudhuru kiumbe chochote, na Mjaini anayeshika dini hali kiazi, kitunguu wala kitunguu saumu, kwa kuwa kung'oa mmea na mzizi wake ni kuangamiza uhai mwingi. Pav bhaji bila kiazi itakuwaje? Wanaweka ndizi mbichi. Inashika, inalainika, na mtu wa Bukoba au Kilimanjaro angeona ni jambo la kawaida kabisa. Ajabu ni kwamba Mjaini anayeshika dini sana hali baada ya jua kuzama, na bhaji hiyo inauzwa usiku wa manane. Sikumuuliza mtu, kila nyumba na kiasi chake.

Tena kumbukeni kwamba pombe imepigwa marufuku Gujarat tangu jimbo hilo lilipoundwa mwaka 1960. Kwa hiyo usiku wa Ahmedabad ni wa familia. Saa sita utamwona bibi amekaa kwenye stuli ya plastiki, mjukuu amemlalia mapajani, mkononi ana kulfi, ile barafu ya maziwa. Kwetu watu wa mipango miji wakisikia "uchumi wa usiku" mawazo yanakwenda kwenye baa. Wangekwenda kuona.

Msidhani lakini kwamba utaratibu huu ulishuka kutoka mbinguni. Wale akina mama wa mboga wa asubuhi walifukuzwa na kunyang'anywa bidhaa mara nyingi. Waliokoka kwa sababu ya SEWA, chama cha wanawake waliojiajiri, kilichoanzishwa mjini humo mwaka 1972 chini ya uongozi wa Ela Bhatt. Chama kilipeleka kesi yao mpaka Mahakama ya Juu ya India, katika miaka ya 1980, na wakapata haki ya kuuza pale. Mwaka 2014 Bunge la India likapitisha sheria ya wachuuzi wa mitaani: kila mji uwe na kamati, na wachuuzi waliochaguliwa na wenzao wawe angalau asilimia 40 ya wajumbe. Utekelezaji unasuasua, ndiyo, lakini mchuuzi ana kifungu cha kuonesha anapokuja mgambo. Machinga wetu walipoondolewa barabarani Dar es Salaam mwaka 2021, walikuwa na kifungu gani mkononi?

Namalizia na nasaha kwa mtakaosafiri. Nendeni kati ya Novemba na Februari, maana joto la Mei kule halina huruma. Fikeni Manek Chowk jioni, kabla ya chakula, muone masonara wakifunga na wapishi wakiingia. Ni nusu saa ya vurugu tupu na hakuna anayegombana. Na wale ambao hamshibi bila nyama, pale hamtaipata. Tembeeni kuelekea lango la Teen Darwaza, ulizeni Bhatiyar Gali, kichochoro cha wapishi wa Kiislamu. Mishikaki ipo.