Kokoro la Barabarani

Wale waliokwisha kunisikia wanajua nitaanzia wapi. Wavumilie. Leo nasema juu ya askari anayetumia kosa dogo la barabarani kama kisingizio cha kulisimamisha gari na kulipekua, ila naanzia ziwani.

Kokoro, ule wavu wa kukokota samaki hadi ufukweni, limepigwa marufuku kwa nini? Mtoto wa Kirumba, Mwanza, atakujibu: linakokota kila kitu, sangara mzazi na sangara wa kiganja. Sasa chukua Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, isome, halafu endesha gari kutoka Buhongwa hadi Igoma bila kuvunja hata kipengele kimoja. Mimi mwanasheria siwezi. Mimi mwenyewe nimewahi kusimamishwa: mtungi wa kuzimia moto upo, pembetatu ipo, leseni hai. Afande akazunguka gari mara mbili, akasema ni chafu. Kweli lilikuwa chafu! Ndiyo shida yenyewe. Tumo wavuni sote, na mvuvi ndiye anayeamua nani avutwe nchi kavu.

Twende Washington, Marekani. Hii naipenda, mnisamehe. Askari wa dawa za kulevya, wamevaa kiraia, gari lao halina alama ya polisi. Wanaiona gari aina ya Pathfinder yenye vijana wawili weusi imesimama kwenye alama ya kusimama zaidi ya sekunde 20. Sekunde 20! Daladala ya Buzuruga ikisimama hivyo tungeizawadia. Dereva anatazama mapajani mwa mwenzake. Askari wanageuza gari, Pathfinder inakata kulia bila indiketa na kuondoka mbio. Wanaifikia, wanachungulia dirishani: abiria ameshika mifuko ya kokeini.

Sikilizeni sasa. Kanuni za polisi wa jiji lile ziliwakataza askari wa kiraia, katika gari lisilo na alama, kushughulikia makosa ya barabarani, isipokuwa kosa zito linalohatarisha watu papo hapo. Mawakili wakasema: walitaka dawa, indiketa ni kisingizio. Ndiyo kesi ya Whren, 1996. Majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakakubaliana: yaliyo moyoni mwa askari hayabatilishi kitu, kosa la barabarani lipo, yatosha. Na zile kanuni? Nazo zikawekwa kando.

Najua mtakachosema. "Mwalimu, si kokeini ilikuwepo?" Ilikuwepo! Lakini gari lisilokutwa na kitu lina kesi gani? Aliyesimamishwa, akapekuliwa, akakutwa na gunia la dagaa, amekwenda zake akinung'unika. Jalada hana, hakimu hajamwona. Ukihesabu mifuko iliyopatikana tu, kila askari ataonekana mganga.

Na huyu wa mbele anatikisa kichwa: askari wengi ni waaminifu. Nakubali, shemeji yangu ni trafiki, na tunakula meza moja. Sizungumzii roho zao. Nazungumzia sheria inayomkabidhi mtu rungu halafu inakataa kumuuliza anakwenda kumpiga nani.

Kutunga sababu ni jambo jingine tena. Kusema taa haiwaki nayo inawaka ni uongo, hakuna mahakama inayouhalalisha. Lakini usiku, dereva na abiria wake mmoja, utathibitisha vipi? Na hata bila uongo, tazameni kesi ya Heien, 2014. Huko North Carolina gari lilisimamishwa kwa sababu taa moja ya breki ni mbovu, kumbe sheria ya jimbo lile ilidai taa moja tu. Kosa halikuwepo kabisa! Majaji 8 dhidi ya 1 wa Mahakama ile ile ya Juu wakasema askari alikosea kwa namna inayoeleweka, basi upekuzi usimame. Wewe usipoijua sheria unalipa faini. Yeye asipoijua, anaeleweka.

Hukumu zao hazizifungi mahakama zetu, naam. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu, na hapo nilitaka kukaa sana, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Kesi yao ya Rodriguez, 2015, kwa mkato: kazi ya tiketi ikiisha, askari hana ruhusa ya kukushikilia, hata dakika chache, ili kumsubiri mbwa wa kunusa, pasipo shaka yenye msingi kwamba umetenda uhalifu. Hiyo walau walituonea huruma.

Maswali. Wewe mwenye helmeti ya bodaboda, umecheka tangu nilipotaja gari chafu. Anza wewe.